Mama ana mawe kwenye mfuko wa nyongo: matundu, kisu au roboti?

Msomaji wetu wa Tanga anauliza:

"Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 61, ana kisukari, na alishajifungua kwa upasuaji mara mbili. Tangu mwaka jana, akila pilau au chochote chenye mafuta, anapata maumivu makali chini ya mbavu za kulia. Yanapanda hadi begani na mara nyingine anatapika. Ultrasaundi imeonyesha mawe kwenye mfuko wa nyongo. Hospitali ya hapa wamesema watampasua kawaida. Ndugu wa Dar es Salaam wanasema siku hizi hapasuliwi mtu hivyo, aletwe afanyiwe kwa matundu madogo. Kaka yangu yuko Muscat, yeye anataka tuchange apelekwe India akafanyiwe na roboti, maana ndiyo teknolojia ya mwisho. Shangazi naye ana dawa yake ya mafuta ya zeituni na ndimu. Upi ndio upasuaji wa kisasa na bora? Tunagombana."

Marahaba, mwanangu. Mama mpe pole.

Nianze na jibu lenyewe, maana naona kikao cha familia kinasubiri. Kwa mawe ya mfuko wa nyongo, upasuaji wa matundu madogo ndio chaguo la kwanza leo, na mkimpata daktari anayeufanya mara kwa mara, nendeni huko. Roboti haitamwongezea mama yako kitu. Upasuaji wa kawaida wa hapo kwenu, ukifanywa na mkono uliouzoea, ni salama kuliko mnavyoambiwa na watu wa Dar. Mafuta ya shangazi yaachwe kabisa, nitaeleza kwa nini.

Kabla ya kuchagua njia, hakikisheni kwamba upasuaji wenyewe unahitajika. Watu wengi wana mawe haya na hawajui. Mtu anapimwa ultrasaundi kwa sababu ya figo au ujauzito, mawe yanaonekana, kesho yake kapangiwa upasuaji. Mawe yasiyoleta maumivu kwa kawaida huachwa, kwa kuwa wengi wenye mawe ya aina hiyo hawataugua nayo maisha yao yote. Mama yako hayumo kundi hilo. Maumivu yanayokuja baada ya mlo wa mafuta, upande wa kulia, yakipanda mgongoni au begani, ndiyo sura halisi ya ugonjwa huu. Akishaanza kuumwa ataumwa tena, na safari nyingine jiwe linaweza kuteleza likaziba mrija mkuu wa nyongo au likachokoza kongosho. Kongosho likivimba hali inaweza kuwa mbaya ndani ya siku moja au mbili.

Kuhusu mafuta ya zeituni na ndimu: mtu akinywa kikombe kizima, kesho yake anatoa chooni vitu laini vya kijani, anafurahi kwamba mawe yametoka. Vitu hivyo vilishapimwa maabara. Ni mafuta yenyewe yaliyoganda tumboni, karibu na sabuni, wala si mawe. Ubaya wake kwa mama yako ni kwamba mafuta mengi kwa mara moja yanaufanya mfuko wa nyongo ujikamue kwa nguvu, na hapo ndipo jiwe linapopata njia ya kwenda kukwama.

Wengi huuliza pia kwa nini mfuko wote utolewe badala ya kuokota mawe tu. Kwa sababu ukiuacha utatengeneza mengine. Nyongo inatengenezwa na ini. Mfuko ni ghala tu. Ukiondolewa, nyongo inatiririka moja kwa moja hadi kwenye utumbo na mtu anakula kama kawaida, ingawa wachache huharisha kidogo miezi ya mwanzo.

Mfuko wa nyongo ulitolewa kwa mara ya kwanza Berlin mwaka 1882, na Carl Langenbuch. Kwa miaka mia moja hivi njia ikabaki hiyo hiyo: mkato mrefu chini ya mbavu za kulia, misuli inakatwa, mgonjwa anakaa wodini siku kadhaa na kazi nzito hairudii kwa wiki nne hadi sita. Mwaka 1980 daktari wa magonjwa ya wanawake wa mjini Kiel, Kurt Semm, alitoa kidole tumbo kwa njia ya matundu, na madaktari wenzake wa Ujerumani wakamshambulia badala ya kumpongeza. Tarehe 12 Septemba 1985, Erich Mühe akatoa mfuko wa nyongo kwa njia ya namna hiyo katika mji wa Böblingen. Naye alipokelewa kwa ubaridi. Mwaka 1987 Philippe Mouret akafanya hivyo Lyon, Ufaransa, na safari hii habari zikaenea. Ndani ya miaka michache tu, hospitali za Ulaya na Marekani zilikuwa zimegeuka. Sijui upasuaji mwingine uliobadilika haraka hivyo, na kasi hiyo ilikuja na gharama yake, nitaifikia.

Kinachofanyika ni hiki. Mama atapewa usingizi kamili. Ganzi ya mgongo haitumiki sana hapa. Tundu moja litatobolewa karibu na kitovu, tumbo lijazwe gesi ya kaboni dayoksaidi ili ukuta wa tumbo uinuke na daktari apate nafasi. Gesi hii inachaguliwa kwa sababu haishiki moto, na ikiingia kwenye damu inayeyuka na kutolewa kwa pumzi. Kamera inaingia kwenye tundu hilo, vifaa vyembamba vinaingia kwenye matundu mengine matatu ya nusu sentimita hadi sentimita moja, na daktari anafanya kazi akiangalia skrini. Mfuko unafungwa klipu shingoni, unakatwa, unabanduliwa kwenye ini, kisha unavutwa nje kupitia kitovuni. Wengi wanarudi nyumbani kesho yake. Mwambieni mapema kwamba bega linaweza kumuuma siku mbili tatu. Bega halijaguswa. Gesi iliyobaki inachokoza kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, na mshipa wa fahamu wa kiwambo hicho unatoka shingoni, kwa hiyo ubongo unadhani ni bega.

Zile kovu za uzazi zisiwatishe. Ziko chini ya kitovu, mfuko wa nyongo uko juu. Daktari atachagua kwa uangalifu mahali pa kutoboa tundu la kwanza, basi.

Sasa gharama ya ile kasi. Hatari kubwa ya upasuaji huu iko sehemu moja tu: mrija mwembamba wa mfuko, ule unaopaswa kukatwa, unaungana na mrija mkuu unaotoka kwenye ini, ambao haupaswi kuguswa kabisa. Pakiwa na uvimbe au makovu ya ugonjwa wa muda mrefu, mirija hii miwili inavutana na kufanana. Ukikata ule mkuu, mgonjwa aliyeingia kwa maumivu ya baada ya pilau anaishia kwenye upasuaji mkubwa wa kuunganisha ini na utumbo. Njia ya matundu ilipoingia, ajali hii iliongezeka kuliko ilivyokuwa enzi za kisu. Hata leo iko kwenye wagonjwa watatu hadi watano katika kila elfu moja, na kwa njia ya wazi inakadiriwa kuwa mmoja au wawili. Mwaka 1995 Steven Strasberg na wenzake walieleza kanuni ambayo sasa tunafundishwa wote: usifunge wala kukata chochote mpaka umesafisha pembe nzima ya shingo ya mfuko, umeona chini ya mfuko umebanduka kwenye ini, na umeona vitu viwili tu, viwili peke yake, yaani mrija wa mfuko na mshipa wake wa damu, vikiingia kwenye mfuko. Usipoviona, simama. Mwite mwenzako, au fungua tumbo.

Kwa hiyo daktari akiwaambia baadaye "tulianza na matundu tukalazimika kufungua," msione ameshindwa. Huyo ndiye ninayemtaka kwa mama yangu mimi. Wa kuogopwa ni yule anayejivunia kwamba hajawahi kufungua.

Kuna jambo ambalo ndugu zenu wa Dar huenda hawalijui. Kati ya mkato mrefu wa zamani na matundu kuna njia ya tatu: mkato mdogo, usiofika sentimita 8, bila kamera wala gesi. Tafiti zilizolinganisha njia hiyo na matundu zilijumlishwa mwaka 2006, na hazikuonyesha tofauti ya maana katika vifo wala madhara. Zote mbili zilimrudisha mgonjwa nyumbani mapema kuliko mkato mrefu, na mkato mdogo ulikwisha haraka zaidi mezani. Hauzungumzwi sana kwa sababu hauna mashine ya kuuza. Daktari wa hapo kwenu anaposema "kawaida", muulizeni mkato wake una urefu gani. Jibu linaweza kubadilisha kikao chenu chote.

Nije kwa kaka wa Muscat, na mnisomee kwake taratibu kwa sababu nia yake ni njema.

Roboti ya upasuaji haipasui yenyewe. Daktari anakaa kwenye kiti pembeni, anashika vishikio, na mikono ya mashine inafuata vidole vyake. Faida yake ni kifundo kinachozunguka kuliko cha binadamu, picha yenye kina, na mkono usiotetemeka. Inasaidia sana pale ambapo nafasi ni finyu na kuna kushona kwingi: saratani ya tezi dume chini kabisa ya nyonga ndiyo mfano unaojulikana zaidi. Mfuko wa nyongo uko mahali pa wazi na hauhitaji kushonwa. Ni kweli kwamba tarehe 7 Septemba 2001 Jacques Marescaux alikaa New York akatoa mfuko wa nyongo wa mgonjwa aliyelala Strasbourg, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, kwa kutumia roboti. Ulichaguliwa mfuko wa nyongo kwa sababu ni upasuaji mwepesi unaofaa kuonyeshea kwamba jambo linawezekana.

Na kuna takwimu za kumwonyesha kaka. Mwaka 2023 ulichapishwa uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya milioni moja waliokuwa kwenye bima ya wazee Marekani, wote wametolewa mfuko wa nyongo. Waliofanyiwa kwa roboti walipata jeraha la mrija mkuu lililohitaji kurekebishwa kwa upasuaji kwa asilimia 0.7, waliofanyiwa kwa matundu ya kawaida kwa asilimia 0.2. Huenda ni kwa sababu wengi walikuwa bado wanajifunzia mashine. Sababu iwe ipi, fedha ya ndege, hoteli na roboti kwa ajili ya hatari isiyopungua siwashauri.

Naona pia swali lako lina swali jingine ndani yake: kama kipya ndicho bora. Katika upasuaji inategemea kiungo, tena kwa namna ambazo hata sisi zimetushangaza. Moyo umepata faida kubwa sana. Tarehe 16 Aprili 2002 Alain Cribier aliweka valvu mpya ya moyo kwa kuipitisha kwenye mshipa wa damu, mjini Rouen, kwa mgonjwa ambaye asingestahimili kupasuliwa kifua, na leo wazee wengi wanapona hivyo. Mawe ya figo nayo: tangu mwaka 1980, Munich, yanaweza kuvunjwa kwa mawimbi kutoka nje ya mwili, bila kisu.

Lakini tazama mlango wa kizazi. Kwa miaka mingi wanawake wenye saratani ya hatua za mwanzo walitolewa kizazi kwa matundu, na kila mtu aliamini ni bora kwa sababu walitoka wodini mapema. Mwaka 2018 utafiti uliofanywa nchi kadhaa ukaonyesha kwamba baada ya miaka minne na nusu, asilimia 96.5 ya waliopasuliwa kwa njia ya wazi hawakuwa na saratani, na kwa waliofanyiwa kwa matundu au roboti ilikuwa asilimia 86. Kovu dogo, saratani inarudi. Hospitali nyingi zimerudi kwenye kisu kwa ugonjwa huo, na mwanamke anayeambiwa "tutakufanyia ya kisasa" kwa saratani ya mlango wa kizazi ana haki ya kuuliza kuhusu utafiti huo kwa jina la ugonjwa wake.

Goti ni kituko kingine. Wazee wenye magoti yaliyolika walikuwa wanasafishwa goti kwa kamera, wanatoka wakisema nafuu. Mwaka 2002, Houston, wagonjwa 180 waligawanywa. Baadhi walisafishwa kweli, wengine walichanjwa ngozi tu wakashonwa bila kuguswa ndani, wala hawakujua. Wote walipata nafuu sawasawa.

Macho yanatupa habari nzuri kwa watu wa mifuko kama yetu. Mashine ya kusaga mtoto wa jicho kwa mawimbi ya sauti, aliyoianzisha Charles Kelman mwaka 1967, ni kifaa kizuri na cha bei. Nepal, Sanduk Ruit na wenzake waliilinganisha na mkato mdogo wa mkono usioshonwa, na mwaka 2007 wakaonyesha kwamba baada ya miezi sita wagonjwa wa makundi yote mawili waliona vizuri karibu sawa, na njia ya mkono ilikuwa ya haraka na rahisi zaidi. Mama yako mwenye kisukari huenda akahitaji upasuaji huo miaka ijayo, kwa hiyo mkumbuke.

Na si lazima mbinu mpya itoke Ulaya au Marekani ije kwetu. Mbale, mashariki ya Uganda, Benjamin Warf alikuwa anatibu watoto wenye maji kichwani. Tiba ya kawaida ni mrija unaobaki mwilini maisha yote, na ukiziba mtoto anahitaji daktari wa ubongo siku hiyo hiyo. Kwa mtoto wa kijijini hiyo ni hukumu. Warf akatumia kamera nyembamba kutoboa njia ya maji ndani ya ubongo wenyewe, na papo hapo kuunguza sehemu inayotengeneza maji hayo, ili wengi wao wasihitaji mrija. Utafiti uliofanywa hapo hapo Mbale na kuchapishwa mwaka 2017 haukuona tofauti ya maendeleo ya akili kati ya watoto wa njia hizo mbili katika mwaka wa kwanza. Mbinu hiyo sasa inatumika hadi Marekani. Uganda hiyo hiyo, mwaka 2016, ilionyeshwa kwamba ngiri za wanaume zinaweza kuzibwa kwa wavu wa kitambaa cha chandarua kilichotakaswa, na matokeo yakawa sawa na ya wavu wa kiwandani wa bei kubwa. (Tafadhali, chandarua cha kitandani kibaki kitandani.)

Kuna pia kitu kinachookoa watu bila kamera wala mashine, nacho ni karatasi moja. Shirika la Afya Duniani lilitengeneza orodha ya kukagua kabla ya kumpa mgonjwa usingizi, kabla ya kukata na kabla ya kumtoa chumbani: ni mgonjwa yupi, upasuaji upi, dawa ya kuzuia maambukizi imetolewa au bado, vifaa na vitambaa vimehesabiwa. Ilijaribiwa katika hospitali za miji minane duniani, mmojawapo ukiwa Ifakara, Morogoro. Matokeo yalitoka mwaka 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara kutoka asilimia 11 hadi 7. Kwa hiyo mkifika hospitali, iwe Tanga, Dar au Mumbai, ulizeni kama wanaitumia. Muuguzi akitabasamu na kusema "tunaisoma kwa sauti", mko mahali pazuri.

Kwa vitendo, fanyeni hivi. Rudini kwa daktari wa hapo na muulizeni anatoa mifuko ya nyongo mingapi kwa mwezi, kwa mkato wa ukubwa gani, na nani atamlaza usingizi. Kisha mwombe rufaa ya Dar es Salaam kwenye hospitali inayofanya matundu, na huko mrudie maswali hayo hayo. Daktari wa huko akiwa anamfanyia mgonjwa mmoja au wawili kwa mwaka, matundu yake siyataki. Afadhali wa Tanga mwenye mkato mdogo na mazoea. Mkimpata anayefanya kila wiki, nauli ya basi inalipa. Ulizeni bima inagharimia njia ipi kabla hamjaanza kuchanga, maana mara nyingine tofauti mliyotajiwa ni ya chumba na si ya upasuaji.

Kabla ya tarehe, apimwe damu kuangalia ini, na mrija mkuu uangaliwe kwenye ultrasaundi kama umetanuka. Ukiwa umetanuka huenda kuna jiwe humo, nalo hutolewa kwa kamera inayopita mdomoni, na ratiba nzima inabadilika. Sukari ishushwe mapema; sukari ikiwa juu kidonda kinachelewa kupona hata kikiwa cha nusu sentimita. Asubuhi ya upasuaji asimeze dawa zake za kisukari kabla hajaelekezwa na daktari wa usingizi, wala msimfungishe tangu jana yake mchana kama watu wanavyopenda: chakula kizito kinakatishwa ukiwa umebaki muda wa saa sita hadi nane kabla ya upasuaji, na maji matupu kwa kawaida yanaruhusiwa hadi ubaki muda wa saa mbili, isipokuwa daktari wa usingizi amesema vingine, kwa kuwa kisukari cha muda mrefu mara nyingine huchelewesha tumbo kumwaga chakula.

Wakati mnasubiri apunguze mafuta, na nazi nzito aipumzishe. Akipata homa, au macho yakawa ya njano na mkojo kama chai ya rangi, au maumivu yakadumu zaidi ya muda wa saa sita bila kukatika, hiyo si ya kusubiri rufaa wala mchango wa Muscat. Mpelekeni hospitali ya karibu usiku huo huo, na ripoti ya ultrasaundi mkononi.